Kidoti cha usoni kinaogopwa, cha unyayoni hakitazamwi

Mtu mzima akijichunguza vizuri hakosi kidoti, pengine kimoja, pengine ishirini. Karibu vyote havina madhara. Ajabu ni kwamba watu huja zahanati na hofu ya kidoti cha shavuni, ilhali cha kuogopwa mara nyingi kiko mahali pasipotazamwa: unyayoni.

Kidoti ni mkusanyiko wa seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Daktari hutazama kwanza kilianza lini. Cha kuzaliwa nacho hupatikana kwa takriban mtoto mmoja katika mia. Kikiwa kikubwa sana, cha kufikia sentimita 20 utu uzimani, mtoto afuatiliwe na daktari tangu mapema, kwani hicho kina hatari zaidi ya vingine.

Vinavyoota baadaye hupangwa kwa kina cha seli zake. Zikiwa mpakani mwa tabaka la juu na la chini la ngozi, kidoti huwa bapa na cheusi. Zikiwa mpakani na chini pia, huinuka kidogo. Zikishuka zote chini, huwa kinundu laini, rangi hufifia, na nywele huweza kuota juu yake. Kidoti kimoja huweza kupita hatua zote hizo kwa miaka mingi, basi kuinuka taratibu peke yake si ugonjwa. Na vile vipele vyeusi vinavyojaa mashavuni mwa wazee wetu si vidoti kabisa, wala havina madhara.

Tuje unyayoni. Saratani ya seli za rangi, yaani melanoma, ni adimu kwa watu weusi. Lakini ikitupata, mara nyingi hutokea unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Kwetu mgonjwa hudhani ni mwiba au fangasi, akachelewa.

Mwenye kuswali anaosha miguu kila siku. Unapopitisha maji kati ya vidole, geuza na unyayo uutazame. Mzee asiyeweza kuinama, mwanawe amtazamie. Doa lenye kingo zilizochongoka, rangi mchanganyiko, upana unaozidi milimita 6, linalokua au kutoa damu, lionyeshwe haraka. Vivyo hivyo kidonda cha unyayo kisichopona, na mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha mmoja. Mistari myembamba kwenye kucha nyingi ni kawaida kwa watu weusi.

Kidoti hakizuii maji ya udhu. Ni sehemu ya ngozi, kinaoshwa nayo. Kukiondoa kwa ajili ya urembo, muulizeni sheikh. Mimi nasema la tiba: msikifunge uzi, msikichome kwa maji ya betri, wala msimpe kinyozi wembe. Na kikikatwa hospitali, uliza kama kinyama kimepelekwa maabara kupimwa kwa darubini. Kikitupwa kwenye ndoo, hakuna atakayejua kilikuwa nini. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha magonjwa ya ngozi. Saratani ikithibitika, Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, hupokea wagonjwa wa rufaa.