Je, Wajua? Maji Ndiyo Mzigo Mkuu

Je, wajua kwamba anayekwenda kulala katika milima ya Guadalupe, jangwani Texas, Marekani, hubeba maji yake yote tangu bondeni? Huko juu hakuna bomba wala chemchemi ya kutegemea. Hifadhi ya taifa ya milima hiyo hushauri galoni moja, yaani karibu lita 3.8, kwa kila mtu kwa siku. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, safari ya siku 3 ni zaidi ya kilo 11 mgongoni, kabla hujatia hema wala chakula. Na kilele kirefu zaidi cha milima hiyo kina mita 2,667!

Cha kustaajabisha zaidi, miamba mikavu ya milima hiyo ilijengeka chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Huko hifadhini, kuwasha kuni ni marufuku, kwa hiyo hubebwa jiko dogo la gesi. Koti zito nalo ni la lazima: jangwa hupoa haraka jua likizama.

Ukijiandaa kwa safari kama hiyo, fanya mazoezi ukiwa umebeba shanta lililojaa maji, si tupu.