Kabla hujauliza bei, ujue utatokea wapi

Hapa tumezoea kuongea machimbo, bei ya jumla na namna ya kupiga picha bidhaa ikavutia. Leo naomba tuongelee mlango. Wa kuingilia kila mtu anaujua, nataka tuongee ule wa kutokea mambo yakiharibika.

Sisi tunaouza mtandaoni tunajiona tuko salama kwa sababu hatuna fremu. Sawa, lakini mzigo tunaufuata wapi? Huku kwetu Nyambureti wengine wanachukulia Sirari, wengine Mwanza, na mtaji ukikaa vizuri mtu anapanda basi hadi Kariakoo. Ukifika unaingia ghorofani, korido imejaa maboksi kulia na kushoto, unapita kwa ubavu. Akili yote iko kwenye bei. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tabia ya binadamu akishtuka ni kukimbilia mlango alioingilia. Waliokulia na mifugo mnaelewa: ng'ombe wakishtuka zizini wanabanana kwenye geti lile lile walilozoea, hata kama upande wa pili ua umebomoka.

Februari 20, 2003 moto uliwaka kwenye klabu ya The Station, West Warwick, kule Marekani. Ndani walikuwamo watu zaidi ya 400. Jengo lilikuwa na milango minne ya kutokea, lakini wengi walikimbilia ule wa mbele walioingilia. Kama dakika mbili tu tangu moto uanze, mlango huo ulikuwa umezibwa na watu walioangukiana. Walikufa watu 100.

Usiseme hayo ni ya Ulaya na Marekani. Januari 28, 2009 supamaketi ya Nakumatt katikati ya Nairobi iliungua mchana, watu wakiwa ndani wananunua vitu. Zaidi ya 25 walikufa, na mashuhuda walidai milango ilifungwa kuzuia wizi. Na si lazima uwe moto. Februari 1, 2020 pale Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa dini, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Umati ukishaanza kusukumana, geti moja halitoshi.

Sasa mimi nikifika sehemu ya kuchukua mzigo, kabla sijauliza bei nafanya hivi:

1. Natafuta njia ya pili. Ngazi za nyuma, mlango wa kushushia mizigo, popote. Kama siioni namuuliza muuzaji: "Kaka, huku nyuma kuna pa kutokea?" Hakuna atakayekucheka. Kibao cha kijani cha kutokea ukikiona, hakikisha mlango wenyewe haujapigwa kufuli wala kuzibwa na mabelo.

2. Nahesabu. Toka ngazini hadi fremu niliyopo, milango mingapi? Moshi ukijaa huoni kitu, ila mkono ukipapasa ukutani unaweza kuhesabu. Moshi unapanda juu, kwa hiyo unainama au unatambaa. Lifti usiiguse, umeme ukikatika imekufungia.

3. Nikiwa na mwenzangu tunakubaliana pa kukutana nje, ili mtu asirudi ndani kumtafuta aliyekwisha kutoka.

4. Pakinitia shaka siingii. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wengine walinaswa chini ya jengo, waokoaji wakawa wanawasiliana nao na kuwapelekea maji na hewa ya oksijeni. Jengo likianguka ghafla, kujua mlango kunaweza kusikusaidie. Kwa hiyo ukiona nyufa kubwa, au watu wanachimba chini huku biashara inaendelea juu, kaa nje. Mpigie muuzaji, akutumie picha, akuletee mzigo barabarani. Si ndivyo sisi wenyewe tunavyowauzia wateja wetu?

Kuna jambo jingine linalotugusa sana sisi: kurudia mzigo. Mtu ameshatoka salama, anakumbuka belo lake la laki tatu au simu iliyobaki kwenye chaji, anarudi. Usirudi. Mali inatafutwa, roho haitafutwi. Na ili moyo usikuvute, jiandae mapema: pesa na simu vikae mwilini, kwenye kipochi cha kiunoni. Namba za wateja na oda ziwe zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya intaneti, nyingine kwenye daftari nyumbani. Laini ikipotea unarudishiwa, na wateja unawapata tena.

Kwenye basi vilevile. Ukikaa tu, angalia dirisha la dharura liko wapi na kama nyundo ya kuvunjia kioo ipo. Ni sekunde kumi, kisha endelea kujibu wateja.

La mwisho, tugeukie nyumbani. Wengi wetu stoo ni chumba tunacholala na watoto. Mlango mmoja, dirisha lina nondo, na mabelo yamepangwa hadi mlangoni. Moto ukianzia kwenye soketi usiku, hiyo mitumba ndiyo itakayowafungia ndani. Leo kabla ya kulala sogeza mzigo, njia ya mlangoni ibaki wazi, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anaujua. Namba ya Zimamoto ni 114, kupiga ni bure. Wafundishe watoto nayo.

Mtumie ujumbe huu mwenzako anayesafiri kufuata mzigo wiki hii. Biashara njema.