Fahamu: Git inavyotambua msimbo uliohamishwa
Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, kutoka vituo vya afya kama Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, hukusanywa kitaifa kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Msimbo wake ulitunzwa kwa Bazaar, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kisha ukahamia Git, mfumo mwingine wa aina hiyo.

Tofauti kati ya mifumo hii miwili ni kubwa. Bazaar ilipa kila faili kitambulisho cha kudumu. Likibadilishwa jina, bado lilijulikana.

Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, haiandiki popote kwamba faili limehama. Hulinganisha yaliyomo: faili moja likitoweka na jipya likafanana nalo kwa asilimia 50 au zaidi, huhesabu limehamishwa. Amri ya blame, inayoonyesha aliyebadilisha kila mstari mara ya mwisho, ikipewa alama -C husaka hata mistari iliyonakiliwa kutoka faili jingine.

Kwa hiyo ni bora kuhamisha faili kwanza, kuhifadhi badiliko hilo, ndipo kulihariri. Yakifanywa yote pamoja, historia huweza kukatika, na kumpata aliyeandika hesabu yenye kosa ndani ya msimbo kukawa kazi ngumu.