Karatasi Yasema Sukari Imetulia, Paka Azidi Kukonda

Katika nyumba zetu za pwani paka huingia na kutoka kama mmoja wa watu wa nyumba, na akizeeka akakonda, aghalabu husemwa ni umri tu. Huenda si umri. Paka aliyepita miaka 10, akawa ala kwa pupa na huku nyama zamwisha, anywa maji mno na kukojoa mara kwa mara, hushukiwa maradhi mawili: kisukari, au tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi. Dalili zake zafanana mno, na kuna paka hupatwa na yote mawili kwa pamoja. Hapo ndipo kipimo cha sukari kinapoweza kutuhadaa.

Damu ya paka hupanda sukari kwa hofu. Mtie kikapuni, mpakie tuktuk, mfikishe kwa daktari wa mifugo huku mbwa wabweka. Sukari yake yaweza kuonekana juu hata kama hana kisukari. Kwa sababu hiyo madaktari hupima pia fruktosamini, yaani protini za damu zilizoshikamana na sukari. Kipimo hicho hueleza wastani wa wiki 1 hadi 3 zilizopita, mfano wa kile cha miezi mitatu wanachofanyiwa mama zetu wenye kisukari. Hofu ya siku moja haikibadilishi.

Lakini tezi ikizidi nguvu, mwili huvunja protini zake na kuunda mpya kwa haraka. Protini haikai katika damu muda wa kutosha kushikana na sukari, basi fruktosamini hushuka. Karatasi ya maabara yasema sukari imetulia, na paka mwenyewe amaliza bakuli zima la maji, mifupa ya mgongo yahesabika. Kati ya karatasi na paka, sisi twamwamini paka. Daktari na aombwe apime homoni ya tezi.

Kuna hatari nyingine, nayo huja wakati wa nafuu. Tezi iliyozidi huidhoofisha insulini, kwa hivyo huenda paka akaongezewa dozi. Tezi inapotibiwa, insulini hurudia nguvu zake, na dozi ya mwezi uliopita huwa nyingi mno. Sukari huporomoka, paka huyumba, hutetemeka, hata kushikwa na degedege. Mpake asali kidogo ufizini, ukichunga asikuume, wala usimmiminie kitu kinywani, kisha mkimbize kwa daktari.

Fruktosamini nayo huchukua wiki kadhaa kurejea hali yake baada ya tiba. Katika muda huo bora kupima nyumbani: tone la damu kutoka ukingoni mwa sikio, kila baada ya saa mbili tangu sindano ya asubuhi, kwa siku atakayoichagua daktari. Mashine ya watu aghalabu humsomea paka chini ya kiwango chake, basi daktari aambiwe ni mashine gani. Na kila Ijumaa, mbebe paka upande naye mizani, kisha upande peke yako, utoe, uandike.