Mwaka Mmoja Kabla ya Chekechea: Tazama Kinachofanyika Darasani

Mzazi anayehamia jimbo la California, Marekani, akiwa na mtoto wa miaka minne atakuta jambo zuri: mwaka mmoja wa shule ya umma, bila ada, kabla ya chekechea. Darasa lenyewe limo ndani ya shule ya msingi, na mwalimu wake ana leseni ya ualimu. Wenyeji huuita “transitional kindergarten”, au TK kwa kifupi. Tangu mwaka wa masomo wa 2025–26, uko wazi kwa kila mtoto aliyetimiza miaka minne kufikia Septemba 1.

Chanzo chake kilikuwa tarehe za kuzaliwa. Zamani mtoto wa California aliruhusiwa kuanza chekechea ilimradi atimize miaka mitano kufikia Desemba 2. Basi mwenye miaka minne na miezi tisa alikaa meza moja na mwenzake aliyemzidi karibu mwaka mzima. Katika umri huo pengo hilo ni kubwa: mmoja anaandika jina lake, mwingine bado anashika penseli kwa ngumi. Mwaka 2010 Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini sheria iliyorudisha tarehe hiyo nyuma hadi Septemba 1, mwezi mmoja kila mwaka, kuanzia 2012. Watoto walioachwa nje na tarehe mpya ndio waliowekewa TK. Mwaka 2021 jimbo likaamua kuufungua kwa wote, hatua kwa hatua.

Je, mwaka wa namna hii unamsaidia mtoto? Sehemu nyingine mbili za Marekani zina majibu yanayopaswa kutufikirisha. Huko Tennessee, watafiti waliwafuatilia watoto wa familia zenye kipato kidogo waliogombea nafasi za shule ya awali kwa bahati nasibu. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, waliopata nafasi walikuwa mbele. Lakini matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba kufikia darasa la sita walikuwa nyuma ya wenzao, kwa alama na kwa nidhamu. Mjini Boston hali ilikuwa tofauti. Waliopata nafasi kwa bahati nasibu kati ya 1997 na 2003 hawakuwapita wenzao kwa alama za mitihani, lakini walikuwa na nidhamu bora na wengi zaidi wakaendelea hadi chuo kikuu.

Kwa hiyo kufungua mlango wa darasa hakutoshi. Kinachomjenga mtoto ni yale anayofanya humo ndani saa kwa saa. Chukua kona ya vipande vya mbao. Wawili wanajenga mnara, unaanguka. Mwalimu anachuchumaa na kuwauliza: “Mnadhani umeanguka kwa nini? Tuanze na kipi chini?” Dakika hizo tano zina hesabu, lugha, subira na kusikilizana. Kisha wote wanapiga makofi kufuata silabi za majina yao: Ba-ra-ka, makofi matatu. Hapo sikio linajifunza kwamba neno hugawanyika, na msingi wa kusoma unawekwa kabla hata ya herufi. Linganisha na darasa ambalo watoto wameketi kimya nusu saa wakifuatisha herufi A kwenye karatasi. Hilo ni darasa la kwanza lililoshushwa kwa watoto wasiolihitaji bado.

Mazungumzo kama hayo yanahitaji watu wazima wa kutosha. Ndiyo maana sasa California inataka wastani wa watoto usizidi 24 kwa darasa, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto 10. Kanuni hiyo isichukuliwe kama pambo la karatasi. Bila hiyo, mwalimu hana nafasi ya kuchuchumaa.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili, kama zile zilizotoka Kongo na kuishi San Diego, nasema hivi. Shule itataka uthibitisho wa umri na makazi pamoja na kadi ya chanjo. Haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982. Wala hairuhusiwi kumkataa kwa kuwa bado hajajua kwenda msalani mwenyewe. Na tafadhali, msiache Kiswahili nyumbani kwa kudhani kinamchelewesha mtoto. Anayejua kusimulia, kuuliza na kutegua vitendawili kwa lugha ya mama huuhamishia uwezo huo kwenye Kiingereza.

TK si lazima, kwani sheria ya jimbo humtaka mtoto awe shuleni kuanzia miaka sita. Hiyo inampa mzazi nafasi ya kuchagua kwa utulivu. Nenda ukatazame darasa kabla ya kuandikisha. Hesabu watu wazima waliomo. Uliza watoto wanacheza kwa muda gani na mwalimu huwa wapi wanapocheza. Akiwa katikati yao, akiuliza na kusikiliza, mwandikishe mwanao bila wasiwasi. Ukikuta karatasi kila meza na sauti ya mtu mmoja tu, tafuta shule nyingine, au omba kuonana na mkuu wa shule umweleze ulichokiona. Mwaka huu wa TK unalipwa kwa kodi za wananchi, na mzazi ana haki ya kudai uwe mwaka wa kumkuza mtoto.