Matokeo ya utafutaji: kwa nini kichwa kitaje masharti ya mtafutaji

Mpangaji anayetafuta nyumba jijini Kampala kwa kutumia simu huanza kwa kuweka masharti: eneo la Makindye, vyumba viwili, kodi isiyozidi shilingi 500,000 kwa mwezi. Tovuti humletea orodha ambayo juu yake pameandikwa neno moja tu, "Matokeo". Akiiacha simu kwa nusu saa kisha akairudia, huenda amekwisha kusahau kwamba aliweka kikomo cha kodi. Anaona nyumba tatu, anaamini Makindye nzima haina zaidi ya hizo, na anamrudia dalali anayedai ada ya kumtembeza.

Lau kichwa kingesema "Nyumba 3 za kupanga, Makindye, vyumba viwili, hadi shilingi 500,000", angetambua mara moja kwamba uchache huo umetokana na masharti yake mwenyewe. Hata jina la eneo lahitaji kukamilishwa, kwani Makindye ni tarafa ya jiji la Kampala, ilhali Makindye-Ssabagabo ni manispaa iliyomo wilayani Wakiso.

Kiufundi kazi hii si kubwa. Katika tovuti nyingi masharti hayo huandikwa kwenye anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza, na seva huyasoma ili kupekua hifadhidata. Mtayarishaji wa tovuti anayo tayari. Kilichobaki ni kuyafikisha kwenye kichwa cha ukurasa. Anwani hiyo ikitumwa kwa WhatsApp, anayeipokea hufungua orodha iliyokwisha kuchujwa ingawa yeye hakuchagua lolote. Yeye ndiye anayekihitaji kichwa kuliko wote. Mtu asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, naye mara nyingi huruka kutoka kichwa hadi kichwa, na neno "Matokeo" halimwambii kitu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Anwani yaweza kuandikwa na yeyote, akiwemo mwenye nia mbaya anayepachika humo msimbo wa kudhuru. Kwa hiyo maneno yanayotoka kwenye anwani yalinganishwe kwanza na orodha ya machaguo halali, na yaonyeshwe kama maandishi matupu yasiyoweza kutekelezwa na kivinjari.

Ugumu wa kweli umo katika lugha. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na tovuti itakayotaka kukitumia haiwezi kuunganisha maneno kama shanga, jinsi violezo vya Kiingereza vinavyofanya. Nyumba tatu ni "za kupanga", nyumba moja ni "ya kupanga", viwanja ni "vya kuuza", magari ni "ya kukodi". Kiolezo kimoja kwa bidhaa zote kitazaa "viwanja za kuuza", na msomaji atacheka kabla hajanunua. Dawa yake ni kuandika sentensi kamili kwa kila aina ya bidhaa, ya umoja na ya wingi.

Panapokuwa na jambo zito kuliko kodi, kichwa huwa na uzito zaidi. ULII, maktaba ya sheria ya Uganda iliyo wazi bila malipo mtandaoni, huhifadhi hukumu za mahakama, na hukumu huweza kutafutwa kwa mahakama na kwa mwaka. Mtu mwenye mgogoro wa kibanja anapotafuta mfano wa kesi inayofanana na yake katika hazina ya namna hiyo, mwaka aliouchagua awali na kuusahau unatosha kumfichia hukumu anayoihitaji. Akiambiwa "Hakuna matokeo", ataamini kwamba hukumu haipo. Akiambiwa "Hakuna hukumu ya mwaka 2019 yenye neno kibanja, Divisheni ya Ardhi", na kando ya mwaka pakawa na kitufe cha kuuondoa, ataubofya.