Sura ya Nne: Duka Lisilo na Baraza

Mtu aingiaye dukani kununua khanga, liwe duka la Ngamiani mjini Tanga au la Darajani Unguja, hanunui kwa macho peke yake. Huitandua doti juu ya meza, hulipitisha pindo baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, huinua kitambaa kwenye mwanga ili auone ufumaji wake, hulisoma jina kwa sauti na kucheka, kisha huuliza bei, huikataa, huondoka hatua mbili, hurudi. Na muuzaji naye, aliyeketi barazani tangu asubuhi, humsoma mshitiri kama mshitiri aisomavyo khanga. Katika muamala huo wa dakika kumi mna ithibati nyingi ambazo hakuna azitajaye, kwa sababu zote zimo mkononi na usoni: kwamba kitambaa si chepesi kama utando, kwamba rangi ni ile ile inayoonekana, kwamba duka halitahama usiku, na kwamba mwenye duka ana jina mtaani ambalo hangependa litiwe doa kwa sababu ya doti moja.

Afunguaye duka katika mtandao huuondoa mkono huo wa mshitiri, na kazi yake yote, tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, ni kuulipia fidia. Waandishi wengi wa habari hizi huanza na mitambo, nami sikatai kwamba mitambo ni lazima. Lakini nimeona maduka yaliyojengwa kwa fedha nyingi yakikaa bila mteja, na nimeona mchuuzi mwenye simu moja iliyopasuka kioo akituma vifurushi kila alasiri, na tofauti baina yao haikuwa katika mitambo.

Mwaka 1979 Mwingereza Michael Aldrich alibuni njia ya kuunganisha runinga na kompyuta kwa waya wa simu, ili mtu aweze kununua akiwa kwake. Miaka mitano baadaye, Mei 1984, katika mji wa Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, bibi wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball aliketi kitini mwake, akabonyeza vitufe vya kuendeshea runinga, na akaagiza majarini, kornifleksi na mayai kutoka duka la Tesco. Watu husimulia kisa hiki kwa kukistaajabia chombo; mimi hulistaajabia kapu. Vitu vyote vitatu ni vya aina ambayo mtu haihitaji kuishika kabla ya kununua, kwani pakiti ya leo ni ndugu wa pakiti ya jana. Khanga haiko hivyo, wala kikoi, wala mkeka wa ukili, wala asali ya Tabora. Na wafanyabiashara wadogo wa kwetu aghalabu huuza vitu vya namna hii, ambavyo kila kimoja kina tabia yake. Kwa hiyo njia yetu ni ndefu kuliko ya bibi yule.

Tuweke basi mbele yetu mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho: mama muuza khanga wa Tanga, mwenye duka dogo la mtaani, ambaye wateja wake wawili watatu wamehamia Dar es Salaam na Dodoma na bado wanamwagizia kwa simu. Huyu tayari ana duka la mtandao bila kujijua. Lililobaki ni kulitia utaratibu.

Swali lake la kwanza litakuwa mahali pa kujenga, na hapa ana njia tatu. Anaweza kukaa katika uwanja wa watu wote, yaani Instagram au WhatsApp; anaweza kupanga meza katika soko la kampuni kubwa lenye wauzaji wengi; au anaweza kujenga tovuti yake mwenyewe. Njia ya katikati ina raha zake, kwa kuwa soko huleta watu. Lakini mpangaji hana sauti siku mwenye nyumba akiamua kuondoka. Mwezi wa Novemba 2019 kampuni ya Jumia, ambayo mwezi wa Aprili mwaka ule ule ilikuwa imeingiza hisa zake katika soko la New York, ilifunga shughuli zake Tanzania. Sitaji jambo hili kwa kulaumu, maana kila tajiri huhesabu faida yake. Nalitaja kwa sababu muuzaji ambaye orodha yake ya wateja imo katika daftari la mtu mwingine huipoteza pamoja na meza.

Hukumu yangu kwa mama yetu ni kwamba aanze na WhatsApp Business, programu iliyotolewa Januari 2018, isiyodai malipo ya kuipakua, na yenye mahali pa kupanga picha, bei na maelezo ya bidhaa. Akifika mahali pa kujibu swali lile lile la bei mara thelathini kwa siku, ndipo asajili jina lake la tovuti, lenye kuishia na .co.tz, na ajenge duka kamili juu yake. Kuna programu za kujengea duka zinazolipiwa kila mwezi, kama Shopify, iliyotokana na duka la vijana wa Kanada waliotaka kuuza mbao za kutelezea thelujini wasipate programu ya kuwafaa; na kuna nyingine, kama WooCommerce, ambazo zenyewe ni bure lakini nyumba ya kuzihifadhia hulipiwa. Jina la tovuti na lisajiliwe kwa jina lake yeye mwenye duka. Mara nyingi fundi hulisajili kwa jina lake mwenyewe, si kwa ubaya bali kwa wepesi, na siku wakikosana duka huwa la fundi.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, nalo ni maelezo ya bidhaa. Khanga ina sehemu tatu: pindo, ambalo ni ukingo unaoizunguka; mji, ambao ni sehemu ya kati; na jina, maneno yaliyochapwa chini ya mji. Picha moja iliyopigwa usiku chini ya taa ya dukani, khanga ikiwa imekunjwa na kufunikwa na mfuko wa plastiki unaometameta, haionyeshi hata moja katika hizo tatu. Mama yetu na aitandue khanga karibu na mlango, asubuhi, jua likiwa halijaingia ndani, apige picha ya kwanza ya kipande kizima, ya pili ya jina likisomeka herufi kwa herufi, na ya tatu kwa karibu kabisa hata nyuzi zihesabike, kwa kuwa picha hii ya tatu ndiyo badala ya kidole gumba na kidole cha shahada. Asiiongeze rangi. Simu za siku hizi zina tabia ya kuyapamba mambo, na khanga iliyokuwa ya rangi ya udongo hutoka nyekundu kama damu. Mshitiri akiipokea, hawezi kujua kwamba ni simu iliyosema uongo, atasema ni mwenye duka.

Kisha yaje maneno. Aandike kwamba bei ni ya doti, yaani vipande viwili, si ya kipande kimoja. Kwamba kila kipande ni takriban sentimita 150 kwa 110. Kwamba vipande bado vimeungana au vimekwisha kukatwa na kupindwa. Kwamba ni pamba tupu au ina mchanganyiko. Na kwamba hutoa rangi katika maji ya kwanza, kama kweli hutoa. Hili la mwisho wauzaji huliogopa, wakidhani ila ikitajwa mteja atakimbia. Nami niliwahi kuagiza kikoi mtandaoni kilichosifiwa kwa mistari minane ya sifa, isiyosema lolote juu ya rangi, nikakifua pamoja na kanzu nyeupe, na tangu siku ile kanzu yangu ina samawati ambayo sikuinunua. Laiti muuzaji angaliandika maneno manne, "kifuliwe peke yake kwanza," ningalikuwa mteja wake hata leo. Mbuzi aliyeuzwa ndani ya gunia huuzwa mara moja tu.

Na yapo maneno ambayo hayaandikwi kwa ajili ya kusifu bali kwa ajili ya kupatikana. Kitambaa hiki, ambacho wengine huandika khanga na wengine kanga, mtu wa Mombasa hukiita leso, neno lililotujia kutoka Kireno; na kila mtu hutafuta kwa jina alilolelewa nalo. Duka lenye "khanga" peke yake halitaonekana kwa urahisi na mama wa Kisauni atafutaye leso ya harusi, hata kama anaihitaji ile ile. Basi majina yote matatu yawemo katika maelezo, na jina lililochapwa kwenye khanga nalo liandikwe kwa herufi, maana mitambo ya kutafuta husoma maandishi vyema kuliko picha, na wapo wanunuzi wasiojali mji wala pindo, wanaotafuta maneno tu ili wampelekee jirani ujumbe wao.

Picha zipunguzwe uzito kabla ya kuwekwa. Mshitiri analipia bando lake mwenyewe, na ukurasa unaokawia kufunguka ni mlango unaolia kutu, wengi hawaungoji.

Malipo hayatatuchukua wasaa mrefu, kwani hapa Afrika Mashariki imetangulia. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo mtu asiyewahi kuingia benki hulipa kwa simu bila kufikiri. Mama yetu na apate lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la duka, ili jina litokealo kwenye simu ya mlipaji liwe lile alilolisoma tovutini. Mlipaji akiona jina asilolijua husita, na ana haki ya kusita. Lakini awe na hadhari ya ujumbe bandia. Matapeli huandika ujumbe wenye sura ya ujumbe wa malipo, au humtumia muuzaji picha yake. Basi mzigo usitoke mpaka salio lenyewe liangaliwe.

Hesabu ya faida ndiyo iwaangushayo wengi, kwa sababu hesabu ya duka la mtaani huhamishwa mtandaoni kama ilivyo. Tuseme doti ilinunuliwa kwa shilingi 11,000 na inauzwa 15,000. Katika zile 4,000 mtoe mfuko na karatasi ya kufungia, 500. Bodaboda wa kuipeleka stendi, 1,500. Tozo za fedha na sehemu ya bando, 600. Zimebaki 1,400, na bado nauli ya basi tumemwachia mshitiri. Doti tatu zikiuzwa moja moja kwa watu watatu zitaleta 4,200. Lakini zikienda kwa mtu mmoja katika mfuko mmoja mkubwa wa 800, kwa bodaboda yule yule mmoja, tozo zikiwa bado 600 kwa kila doti, faida ni 7,900. Kwa hiyo ni insafu kwake, wala si hila, kumpunguzia kidogo anunuaye tatu kwa pamoja, akalisema jambo hilo waziwazi penye bei.

Mzigo wa kwenda mbali husafiri kwa basi, nao uandikwe juu yake jina na simu ya mpokeaji, na mama yetu apige picha ya stakabadhi na kumtumia mshitiri kabla basi halijaondoka. Kuhusu anuani, ijapokuwa mitaa na nyumba nyingi zilipewa majina na namba katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, watu bado husema "nyuma ya msikiti, ulizia kwa fundi baiskeli," na fomu ya duka iwe na nafasi ya kuandikia maneno hayo. Tovuti nyingi zilizobuniwa ughaibuni hudai namba ya posta na hukataa agizo ikikosekana.

Kuhusu serikali nitasema kwa ufupi. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipa kodi hupatikana TRA, leseni hutolewa kama kwa duka lolote, na kuuza kwa simu hakumwondolei mtu wajibu wa risiti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeyatambua makubaliano ya namna hii. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imefanya majina na namba za wateja kuwa amana kwa mujibu wa sheria, kama yalivyokuwa siku zote kwa mujibu wa murua. Asiwaunge wateja wote katika kundi moja la matangazo bila idhini yao.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni doti moja kuuzwa mara mbili, mara mtandaoni na mara barazani, kwa sababu duka lina madaftari mawili. Liwe daftari moja, na kila jioni lilinganishwe na kabati. Mimi hupendelea liwe na nakala ya karatasi: Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi za jirani, na aliyekuwa na maagizo yake kwenye karatasi aliendelea kufunga vifurushi.

Kabla ya kuwaita watu, mama yetu amwombe mpwa wake aliyeko Dodoma, mwenye simu ya bei ndogo, aagize doti moja bila kusaidiwa, alipe fedha halali, na aupokee mzigo stendi kama mgeni. Huku nyumbani aandike kila mahali mpwa aliposita na kila swali alilouliza, kisha arekebishe ukurasa palepale. Na khanga ikifika, mpwa aipime kwa futi.